Utitiri Ndani ya Matete

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wakana aligombana na bakuli la maharage. Yalikuwa maharage ya soya yaliyochachushwa, yale ambayo ukiyachota kwa vijiti huvuta nyuzi za utelezi kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Mama yake aliyala na wali bila wasiwasi. Bibi yake, Bibi Tsuya, aliyala mpaka akalamba bakuli. Wakana alikaa upande wa pili wa meza, amebana pua kwa vidole viwili.

"Jamani, yananuka soksi!"

"Soksi za nani?" Bibi aliuliza. "Maana zako zinanuka zaidi."

Wakana alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na hakuna kitu kilichomchosha kama kinyaa chake mwenyewe. Nywele zilizonasa kwenye tundu la maji bafuni zilimfanya aruke kando. Konokono akipita ukutani, Wakana hapiti. Shuleni, zamu ya kusugua vyoo ilipomfikia, alikuwa tayari kumpa yeyote biskuti zake ili wabadilishane. Wanafunzi wenzake walimwita Bi Kinyaa, naye hakukana, kwa sababu lilikuwa jina la haki.

Kijiji chao kilikuwa cha wakulima wa matufaha, chini ya Mlima Iwaki, mahali ambapo theluji huanguka mpaka madirisha ya chini yasionekane. Majira ya baridi baba yake alikwenda kufanya kazi ya ujenzi mjini, na mama yake alishinda shambani akiipogoa mitufaha huku theluji ikimfika magotini.

Nyuma ya nyumba yao, kwenye ukuta wa ghala unaopigwa na jua la asubuhi, palitundikwa nyumba ya nyuki. Haikuwa mzinga. Nyuki wale hawana malkia wala asali ya kurina. Kila jike hujitegemea. Huchagua tete lenye uwazi, hulundika chavua ndani yake, hutaga yai juu ya chavua hiyo, kisha huziba kwa udongo na kuanza chumba kingine, mpaka tete lote lijae vyumba. Humo watoto hula, hukua, hujisokotea vifukofuko vya rangi ya kahawia, na kulala mpaka baridi iishe. Mitufaha ikichanua mwezi wa tano, nyuki hutoka na kuruka ua hadi ua wakiichavusha. Pasipo wao, maua mengi hupukutika bure.

Mwaka huo walikuwa na majirani wapya. Baba Kotone alikuwa amerudi kutoka mjini kurithi shamba la marehemu baba yake, yeye na binti yake tu. Kotone aliketi dawati moja na Wakana, na kabla ya mwezi kuisha wakawa chanda na pete. Baba Kotone alijua kuendesha lori, lakini kuhusu matufaha alijua kuyala tu.

"Huna nyuki?" Bibi Tsuya alimshangaa. "Sasa nani atakuchavushia maua yako, lori?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Bibi," Baba Kotone alisema, akainamisha kichwa.

"Basi tutawajengea nyumba ya nyuki. Na mbegu ya nyuki itatoka kwetu."

Kujenga nyumba hiyo kulikuwa raha. Mama alikata mbao kwa msumeno, Kotone akashika misumari, Wakana akagonga. Waliiezeka kwa bati, wakaiwekea wavu wa waya mbele ili ndege wasidonoe, na chini wakatengeneza droo ya kuwekea vifukofuko, yenye tundu la kutokea nyuki. Walikwenda mtoni kukata matete mapya, wakayafunga mafungu mafungu. Wakana alirudi nyumbani na pua nyekundu na furaha tele.

Raha iliishia hapo. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kupasua matete ya zamani, kutoa vifukofuko na kuviosha. Miaka yote Bibi aliifanya mwenyewe, lakini sasa viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, hata kushika kisu kulimuuma.

"Itakuwa kazi yako, mjukuu wangu," alisema. "Vyetu vijaze sanduku hili, na vya akina Kotone vijaze droo yao. Ukikuta utitiri, usiogope. Tenga, osha, chekecha, osha tena. Tete chafu usiliache hata moja."

Wakana aliwasha jiko la mafuta ghalani, akakaa kwenye mkeka. Fungu la kwanza lilikuwa zuri. Alipopasua tete, vifukofuko vilijipanga ndani kama njugu kwenye ganda lililofunguliwa, vikavu na safi. Alivitoa kwa kibano, akavitia kwenye beseni la maji baridi, akavianika kwenye gazeti. Sanduku la nyumbani likajaa. Akajiambia, kumbe ni hili tu!

Fungu la pili lilikuwa limetoka upande ambao paa la nyumba ya nyuki lilivuja wakati wa mvua za majira ya joto. Wakana alipasua tete la kwanza, na hakuona kifukofuko. Aliona unga wa rangi ya manjano. Akasogeza uso karibu. Unga ulikuwa unatembea.

Harufu ikampiga, chachu kama mtungi wa kachumbari uliosahauliwa. Katikati ya unga ule palikuwa na buu jeusi lililopasuka, na utitiri ulikuwa ukiingia na kutoka ndani yake, maelfu kwa maelfu, ukipandana na kukanyagana. Kabla hajaweza kulitupa tete, alihisi kitu kikimtekenya. Utitiri ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono wake.

Wakana alipiga kelele. Alikimbilia ndoo ya majivu, akatapika chakula chote cha mchana. Kisha akatoka nje akasugua mikono kwa theluji mpaka ngozi ikawaka, na bado alijiona anatembelewa mwili mzima, shingoni, masikioni, chini ya nywele.

Aliporudi, fungu la pili lilikuwa palepale. Matete mengi, yote yamezibwa kwa udongo, kwa nje yanapendeza. Na droo ya akina Kotone ilikuwa tupu.

Alilitazama fungu lile kwa muda mrefu. *Siwezi,* alijiambia. *Nikigusa jingine nitakufa.* Kisha wazo likaja polepole, kama mgeni anayejua hajaalikwa. Akina Kotone hawajui nyuki. Wataonaje?

Akayachukua matete yale kwa vijiti virefu vya jikoni, uso ameugeuzia pembeni, akayalaza ndani ya droo bila kuyapasua. Akayafunika kwa gazeti. Juu ya gazeti akatandaza vifukofuko vizuri vilivyosalia kutoka fungu la kwanza. Ukitazama kwa juu, droo ilijaa neema tupu.

"Umemaliza?" Bibi alimuuliza jioni.

"Nimemaliza."

"Ulikuta utitiri?"

"Kidogo tu."

"Ukaosha?"

"Niliosha, Bibi."

Bibi alichungulia droo kwa macho yake ya kizee, akatabasamu. "Mama Wakana, njoo uone! Bi Kinyaa wetu amekuwa mtu mzima!" Usiku huo Wakana alipewa kipande kikubwa kuliko vyote cha samaki wa kuchoma. Hakikuwa na ladha yoyote. Alikimeza kama mtu anayemeza dawa.

Sanduku na droo vilihifadhiwa kwenye jokofu la ghalani, ili nyuki wasiamke kabla ya maua. Theluji iliyeyuka, mifereji ikajaa, na kufikia mwishoni mwa mwezi wa nne machipukizi ya mitufaha yalianza kuvimba. Siku ya kutundika nyumba ya nyuki uani kwa akina Kotone, Kotone alikuwa ameandika kibao kwa brashi: KARIBUNI, NYUKI. Baba yake alipiga misumari, kisha Wakana akapewa heshima ya kusukuma droo ndani.

Kotone alisimama mbele ya nyumba ile, akainama. "Tunawategemea," aliwaambia nyuki.

"Na wewe asante sana, Wakana," Baba Kotone alisema, akainama pia, mtu mzima mbele ya mtoto. "Bibi ameniambia uliifanya kazi yote peke yako."

Wakana alitazama viatu vyake.

Siku chache baadaye lilitoka jua kali lisilo la kawaida. Wakana alikuwa akifagia uani alipomsikia Kotone anaita kutoka njiani.

"Wakana! Wametoka! Nyuki wetu wametoka! Lakini njoo uwaone, nadhani wanaumwa."

Wakana alimfuata, kila hatua nzito kuliko iliyopita. Chini ya nyumba ya nyuki, kwenye majani mabichi, madume waliotangulia kutoka walikuwa wanatambaa. Hawakuruka. Migongo yao ilikuwa imefunikwa na utitiri, umebanana kama punje za mtama kwenye suke, mpaka mabawa hayafunguki. Mmoja alianguka chali, akapiga miguu hewani, akatulia. Utitiri ukaanza kumshuka, ukitafuta nyuki mwingine wa kumpanda.

Wakana alirudi nyuma hatua moja.

Kotone alikuwa amepiga magoti katikati yao. Alishika brashi yake ya kuandikia na kumpangusa nyuki mmoja kwenye kiganja, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Vidole vyake vilikuwa vya manjano kwa utitiri, wala hakujali.

"Tangu asubuhi nawapangusa," alisema. "Lakini wakipona wawili, wanakufa watano. Baba anasema labda tumeitundika vibaya. Mimi nadhani ni kosa langu. Juzi nilifungua droo kuwachungulia. Labda niliwaamsha vibaya. Bibi yako atakasirika, eti?"

Wakana alitaka kutapika, lakini safari hii utitiri haukuwa sababu. Alijitazama kama alivyolitazama lile tete siku ile: kwa nje limezibwa vizuri, ndani linatembea.

"Si kosa lako," alisema.

"Wewe unajuaje?"

"Ni mimi." Maneno yalitoka yamegongana. "Chini ya gazeti kuna matete ya zamani. Sikuyapasua. Yalikuwa yameoza, yamejaa utitiri, na mimi nilijua. Niliyaficha."

Kotone alimtazama bila kuelewa. Kisha akainuka, akavuta droo, akanyanyua gazeti. Harufu ikatoka. Alisimama pale akitazama ndani, na nyuki wake bado kiganjani.

"Kwa nini? Unanichukia?"

"Hapana! Niliona kinyaa tu. Nilishindwa kuyagusa."

"Ukaona bora niyaguse mimi." Kotone alimlaza nyuki kwenye jani. "Sawa. Sasa na mimi naona kinyaa, Wakana. Na si kwa utitiri."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wakana alikimbia nyumbani. Alimkuta Bibi akimenya viazi, akamwambia yote bila kuficha, hata samaki aliyemla. Alingoja kupigiwa kelele. Bibi hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, uso wake umekuwa mgumu kama jiwe la kusagia.

"Majike wametoka?"

"Bado, Bibi. Madume tu."

"Basi tuna nafasi. Majike hukawia. Vaa mabuti yako. Kwanza utakwenda kwa Baba Kotone umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako, lakini sitakusemea hata neno moja."

Baba Kotone alisikiliza akiwa mlangoni. Wakana aliinama mpaka nywele zikagusa magoti yake. Baba Kotone hakusema "si kitu", kwa maana lilikuwa kitu. Aliuliza swali moja tu: "Itatengenezeka?"

"Kama mikono ipo," Bibi alijibu. "Na utitiri huu usipozuiwa leo, utapanda nyuki wa kijiji kizima. Leta maji ya moto, mwanangu. Mengi."

Waliteremsha nyumba ya nyuki. Waliimwagia maji yanayochemka, kila kona na kila ufa. Madume waliopakaa utitiri waliondolewa, na majani waliyotambalia yakafyekwa na kuchomwa. Kisha droo ikawekwa kwenye meza ya uani, na mbele yake likawekwa beseni, chekecheke na kisu.

Bibi alimtazama Wakana.

Wakana alichukua tete. Utitiri ulimwagika kwenye vidole vyake, vuguvugu la jua likiwa limeuchangamsha. Alipasua. Ndani, kati ya vyumba viwili vilivyooza, palikuwa na vifukofuko vitatu vizima. Alivitoa kimoja kimoja, akavitia majini. Uchafu ukaelea juu kama povu la supu. Akachukua tete jingine. La tatu lilikuwa tope tupu, tope linalonuka, na mabuu yaliyogeuka kamasi. Wakana alikimbilia nyuma ya ghala, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Aliponyanyua kichwa, Bibi alikuwa amesimama kando yake na taulo.

"Tapika vizuri, halafu urudi."

"Bibi, wewe huoni kinyaa?"

"Mimi?" Bibi alishusha sauti. "Mwanangu, miaka yote nimefanya kazi hii nimejifunga kitambaa puani, nimeweka tangawizi mdomoni. Na bado mwaka juzi nilitapika kwenye ndoo ya majivu."

Wakana alisahau kulia. "Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu. Mkulima mzima aogope wadudu?" Bibi alipangusa kidevu cha mjukuu wake. "Hilo ni kosa langu. Ningekwambia, ungekuja kuniambia na wewe. Haya, chukua."

Alitoa kipande cha tangawizi mfukoni mwa aproni yake. Wakana alikitafuna, kikamwasha ulimi, akarudi mezani.

Alipasua mpaka jua likaanza kuinama. Wakati fulani mikono mingine miwili ilitokea upande wa pili wa meza, ikachukua chekecheke na kuanza kutikisa vifukofuko majini. Ilikuwa mikono ya Kotone. Hakumtazama Wakana wala hakumsemesha, lakini kila Wakana alipotoa kifukofuko, alikipokea.

Vingi havikuokoka. Vifukofuko vilivyopatikana, vilipoanikwa kwenye gazeti, havikujaza hata nusu ya gazeti lenyewe. Mama Wakana, aliporudi kutoka shambani na kuelezwa, alikwenda moja kwa moja kwenye jokofu, akatoa sanduku lao, akaligawa katikati.

"Nusu yetu, nusu yenu," alimwambia Baba Kotone. "Mwaka huu kwetu maua mengi nitayachavusha kwa mkono, kwa brashi. Na nina msaidizi, hana mapumziko mpaka maua yaishe." Alimwangalia Wakana, naye Wakana akaitikia kwa kichwa.

Mitufaha ilichanua mwanzoni mwa mwezi wa tano. Safari hii nyuki walitoka safi, wenye manyoya ya kahawia, wakaruka moja kwa moja. Uani kwa akina Kotone majike waliingia na kutoka kwenye matete mapya, matumbo yamepakaa chavua, midomo imebeba udongo. Kila baada ya shule, Wakana alipanda ngazi kwenye shamba la mama yake na kupaka chavua ua kwa ua mpaka mikono ikafa ganzi. Aliishika kazi ile bila kulalamika, na akaona jinsi mdudu mmoja mdogo anavyomshinda mtu mwenye mikono miwili.

Siku moja Kotone alikuja akasimama chini ya ngazi.

"Bi Kinyaa."

Hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya jua. Wakana alikaribia kudondosha brashi. "Naam?"

"Baridi ijayo nitakuja kupasua matete kwenu. Wewe utatapika, mimi nitapasua, halafu tutabadilishana zamu."

"Na wewe utatapika?"

"Sijui. Ndiyo nataka kuona." Kotone alikaribia kucheka, akajizuia. "Lakini ukinidanganya tena, usinijue."

"Sitakudanganya."

Bibi Tsuya alikuwa mbali kidogo, amekaa kwenye kreti la matufaha akinyoosha vidole vyake vinavyouma. Alikuwa amesikia yote, kama kawaida yake. Akawaita wote wawili.

"Nisikilizeni," alisema. "Kuona kinyaa si kosa. Mwili umeumbwa hivyo, hunusa uozo ukakataa. Mwenye kosa ni yule anayeukataa uozo, kisha akaufunga kwa karatasi nzuri akampa mwenzake. Kazi ikikushinda, sema imenishinda, na watu watakuja na mikono yao. Ukisema nimemaliza na hujamaliza, uchafu haubaki pale ulipouficha. Unazaa, unapata miguu, unatembea mpaka kwa jirani."

Akamtazama Wakana usoni.

"Sasa panda ngazi yako. Tawi lile la juu bado hujaligusa, na mimi nimekuona."